Kondoo wa Harusi ya Ednah

Jumatatu, 6 Mei 2019 – Gachoka

Binti yangu Ednah amefika kutoka Meru. Hata chai hakugusa. Mumewe, Mbaabu, ameijibu kesi ya talaka: anasema hawakuoana kamwe. Miaka kumi na tatu, watoto wawili, na hawakuoana – kwa sababu, anasema, kondoo dume wa kufunga ndoa hakuchinjwa hapa kwangu. Kwetu Mbeere, kondoo asipochinjwa, mahari yote ni mazungumzo tu. Na pasipo ndoa, Ednah hana lake katika nyumba yao ya Kinoru, kule Meru. Hati ina jina la Mbaabu. Vyumba vya nyuma vilijengwa kwa mshahara wa Ednah wa uuguzi.

Shahidi wa upande wetu umebaki wewe tu, Baba, akasema. Baba mdogo Gitari alishatuacha. Uje useme ulichoona.

Nikakubali.

Daktari amenikataza kupanda gari. Moyo umechoka, miguu imevimba. Sina muda wa kujificha, basi niandike: kondoo hakuchinjwa. Nilikuwa mwalimu mkuu na mzee wa kanisa. Sikutaka pasta asikie damu ya mila imemwagika uani kwangu. Nilimwambia Gitari amrudishe kondoo kwa wakwe akiwa hai, naye akaenda bucha akanunua nyama ya kondoo. Wanawake hawafiki wanaume wanapochinjia. Jikoni walipokea fungu lao, wakapika, wakashangilia. Marehemu mke wangu Nelius aliila. Ednah pia.

Jumatano, 8 Mei – Kinoru

Safari imenivunja. Nimelazwa chumba cha nyuma.

Wakili wa Ednah, Karwirwa, amekuja. Mwanamke kijana, hacheki ovyo. Akanieleza: suala la watoto ni jingine, halimtegemei kondoo. Mahakama itauliza ni kwa nani watatunzwa vizuri. Ila itauliza pia wanalala wapi. Ednah akikosa nyumba, Mbaabu atasema, mimi nina paa, nileteeni wanangu.

Kanana, mkubwa, ana miaka kumi. Aliuliza kama nimekuja kumfukuza babake. Nilimwomba maji.

Ijumaa, 10 Mei

Mbaabu, aliyehama tangu kesi ianze, alikuja kuona watoto. Akanikuta sebuleni, akavua kofia.

"Mzee, wamekutoa kitandani kwa ajili yangu?"

"Nimejitoa."

"Mimi sigombani nawe. Lakini yule kondoo tulirudi naye kwenye pikapu. Alinikojolea viatu vipya mpaka Embu mjini."

Ednah akatokea jikoni na mwiko. "Muongo wewe. Nyama yake niliila. Baba, mwambie."

Nikakohoa. Kikohozi kilianza cha uongo, kikageuka cha kweli. Ednah akamfokea: umeona, sasa unataka kumuua. Mbaabu akaondoka bila kuaga. Mlangoni alinitazama, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

Jumapili, 12 Mei

Wameenda kanisani. Nimempigia Karwirwa. Nikauliza, kama ya kupita tu: watu wakiishi pamoja miaka mingi bila kondoo, sheria inasemaje?

Iko njia, akasema. Mahakama inaweza kuwahesabu mume na mke kwa kuishi kwao. Tungeanza na hiyo ingekuwa sawa. Lakini Ednah ameshaapa kwamba kondoo alichinjwa. Tukigeuza leo, watasema anadanganya, na watapima kila neno lake, hata la watoto.

Kisha akasema: "Kwa nini unauliza, Mwalimu?"

"Nataka kuelewa tu."

"Basi Jumanne mahakamani jibu kwa kifupi. Wewe watakuamini."

Hilo ndilo linaloniogopesha. Wataniamini.

Jumanne, 14 Mei – Mahakamani, Meru

Benchi la nje. Kesi iliyo mbele yetu inachelewa. Ishmael, mjomba wa Mbaabu, amekuja kuketi kando yangu. Ndiye aliyeendesha ile pikapu.

"Mwalimu, bado unapumua?"

"Kwa mkopo."

"Mimi nitasema nilichobeba. Wewe sema unachotaka. Kesho kutwa sote tutakuwa udongo, lakini hawa watoto wetu, wako na wangu, wataendelea kusalimiana."

Akaenda kuota jua.

Ednah aliporudi kutoka kwa wakili nilimshika mkono, nikamwambia aketi. Nikamwambia yote: Gitari, bucha, fungu la jikoni. Sikukohoa.

Alisema polepole, kama anayezungumza na mgonjwa wake: "Mimi niliapa kwa neno lako, Baba."

"Najua."

"Na Kanana je?"

Sasa amesimama dirishani, amenipa mgongo. Hajaenda kumwita wakili. Wala hajaniambia niseme nini mle ndani. Ninaandika ili nisimtazame.

Karani ametoka mlangoni. Anasoma jina langu. Ednah amegeuka, ananinyooshea mkono nisimame. Nafunga daftari.