Utosi wa Karafuu

Ijumaa, chungu cha kwanza cha Ramadhani. Joto la leo halina adabu. Mawingu yamekaa juu ya Bagamoyo tangu alfajiri na mvua haijanyesha. Tumeshafuturu, mama yuko kwenye mkeka wake anavuta tasbihi. Ngoja niandike kabla sijaanza kujidanganya kwamba halikuwa jambo kubwa.

Leo nusura nimuue Karafuu kwa njaa.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Karafuu ni mbwa wangu, ingawa neno mbwa linampwaya. Ameshapita mwaka, ni mzima kabisa, na bado hajafikia uzito wa mfuko wa unga wa kilo mbili. Nilipewa na Jesca, rafiki yangu wa Mbezi, anayezalisha vijibwa vya aina hii na kuwauzia watu wanaopenda kuvipiga picha ndani ya kikombe cha chai. Makubaliano yetu ni yale yale ya mbuzi wa kugawana. Mimi nafuga, akizaa, wa kwanza wanakwenda kwa Jesca, wanaofuata ni wangu. Kesho anakuja na dume lake, dogo kuliko hata Karafuu, maana Karafuu yuko kwenye joto na wateja wanazidi kutaka wadogo. Wiki nzima tumekuwa tukiiita harusi. Mimi fundi cherehani nimeshamshonea na shela.

Sasa kosa lenyewe. Nyumbani kwetu Karafuu hana ratiba yake, anakula tunapokula. Tukinywa chai anapata, tukipakua cha mchana anapata. Leo tulipokula daku nilimpa ubwabwa na dagaa, nikaswali, nikalala tena. Asubuhi nikaketi kwenye cherehani, kwa sababu nguo za Idi zimeanza kuletwa mapema. Jiko halikuwashwa. Hakuna sufuria iliyogongana, basi hakuna aliyemkumbuka.

Nilimfungisha mbwa saumu.

Angekuwa mmoja wa wale koko wanaozunguka soko la samaki, asingejua hata kama kuna kilichotokea. Wale hulala na njaa na kesho yake wanafukuzana barabarani kama kawaida. Karafuu hakufika hata adhuhuri.

Mama ndiye aliyemkuta, akitoka bombani kutawadha. Aliniita kwa sauti ya kawaida tu. "Zuhura, njoo uani. Kitu chako kimelala macho wazi."

Inabidi nieleze kuhusu mama. Tangu Karafuu aingie hapa, hajawahi kumgusa. Akipita karibu naye anakusanya khanga yake. Ndoo yake ya udhu anaiweka juu ya kiti. Pembeni ya bomba ameniwekea kopo la udongo, ili kila nikilambwa ninawe mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka, na kabla sijagusa chombo chake chochote ananiuliza kama nimenawa. Hamchukii. Ni mtu anayependa swala yake isiwe na shaka.

Nilimpigia daktari wa mifugo. Akasema sukari ya mwilini imeshuka, nimpake asali kwenye fizi haraka. Nikaingia jikoni, nikafungua makabati yote, sikuiona asali, nikaanza kulia kama mtoto. Niliporudi uani mama alikuwa ameketi chini, chupa yake ya asali ya dawa iko wazi, na kidole chake kimo mdomoni mwa mbwa. Na udhu wake alikuwa nao.

Ilichukua muda. Kisha ulimi ukasogea, ukalamba. Mama hakuondoa mkono. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika kichwa, na nikaona kidole gumba kimesimama katikati ya utosi.

"Huyu ana muda gani?"

"Mwaka umepita, mama."

"Mbona utosi wake unacheza?"

Nikamjibu alichonijibu Jesca siku ile nilipouliza mimi, kwamba wa aina hii wengi ndivyo walivyo. Mama aliinuka. Alikwenda bombani, akanawa mara zake saba na udongo wake, akatawadha upya, akaswali. Alipomaliza, bado yuko kwenye mkeka, akaniuliza, "Huyo ndiye mnamuoza kesho?"

Nikasema ndiyo.

"Na utosi wazi."

Basi. Akaendelea na uradi wake.

Nimekuwa na hofu tangu saa ile, na hofu yenyewe si ngeni. Nilishamuuliza daktari habari za kuzaa. Alinieleza kwamba vichwa vya watoto huwa vikubwa na nyonga ya mama ni finyu, wengi hawazai bila kupasuliwa, na yeye aliyezoea ng'ombe na mbuzi hajawahi kumpasua mnyama wa kiasi hiki. Nikajiambia Dar si mbali. Tena nilishamuuliza Jesca mama yake Karafuu yuko wapi. Akanitumia picha ya dume. Sikuuliza tena, kwa sababu nilijua sitaki kujibiwa.

Na nisiwasingizie wateja peke yao. Nampenda hivi hivi alivyo mdogo. Angekuwa wa kawaida nisingemchukua.

Baada ya alasiri nilimwandikia Jesca asilete dume. Nilitamani kusema Karafuu anaumwa, ingepita. Nikaandika ukweli, kwamba sitaki azalishwe, leo wala mwakani. Jibu limeingia tukiwa kwenye futari: "Sawa. Kesho nakuja kumchukua mwenyewe."

Kwa makubaliano ya mbuzi, ana haki. Asiyetaka kuzalisha anarudisha. Hilo ndilo linalonikaba, kwamba nitakuwa nimekataa, roho yangu itulie, halafu Karafuu akazalishwe Mbezi nisikokuwepo. Nitamwomba Jesca aniuzie, nimlipe kidogo kidogo kwa kushona. Sijui kama atakubali. Nilipomsomea mama ule ujumbe, alisema tu, "Mwache aje. Atie kidole pale utosini kwanza, halafu tutaongea."

Shela nimelifumua. Kitambaa kitafaa mfuko wa kanzu ya mtu.

Kesho saa sita mchana nitawasha jiko, ndani ya Ramadhani, nichemshe dagaa. Ukuta wetu na wa jirani ni mmoja na harufu ya dagaa haijui mipaka. Najua yatakayosemwa kuhusu binti wa nyumba hii, na mama pia anajua, maana ameshauosha mchele wa kesho na kuufunika.

Jioni sijui Karafuu atakuwa wa nani. Mchana atakula.