Mwaka Mvua Ilipopungua

Shikamoo Baba,

Kariakoo ni joto tupu. Hata juu ya duka la vitenge tunapofanyia kazi, feni inapuliza moto. Kompyuta yetu inazigawa rekodi za mvua za huko nyumbani kabla na baada ya kila mwaka, hadi ipate mwaka ambao mvua ilibadilika ghafla. Leo imechagua mwaka ule kahawa yetu ilipokauka.

Mwenzangu Rehema akaniuliza, "Mwaka huo una nini?"

"Mwaka huo ukoo ulimwita baba yangu mvivu."

Rehema akazipima rekodi upya kwa njia nyingine. Jibu likawa lilelile: mvua ilipungua wilaya nzima, na haijarudi ilivyokuwa.

Wasomee baba wadogo kadi hii, Baba. Soma polepole. Mama mpe salamu zangu zote.

Binti yako,
Anna