Duka Linalokubali Bei ya Kwanza

Isevya, Tabora
Zimebaki siku mbili tufike Idd

Mama Rukia, mke wangu,

Naomba salamu zangu zikukute umekaa, maana nakujua, barua unaifungulia njiani na beseni liko kichwani. Tafuta mahali ukae kwanza. Mimi mwili ni mzima na funga inakwenda vizuri, ila jioni mgongo unaniuma kwa kushinda nimeinama kwenye cherehani. Rukia hajambo? Lile jino la mbele limeota? Na mama, miguu yake bado inavimba? Utanijibu yote, lakini namna ya kunijibu nitakueleza huko chini, na usibadilishe hata kidogo.

Barua iliyopita nilikuambia baada ya Idd upande treni uje na mtoto, chumba nimeshapata. Hii inahusu safari hiyo. Sitaki kukuzungusha, ila hutanielewa nisipokusimulia habari za duka.

Unajua huu ni mwaka wa kumi na mbili nashonea barazani kwa Mzee Premji. Yeye anauza kitambaa ndani, mimi nakishona nje kwa cherehani yake. Mwaka huu Diwali yao Wahindi na Idd yetu zimeangukia wiki moja, nami nilifurahi, nikajua kazi itamiminika na nauli yenu itapatikana mapema. Basi mwanzoni mwa Ramadhani Mzee alitoka na kipande cha boksi amekiandika kwa rangi nyekundu, akaniambia nikipigilie misumari juu ya mlango. Kimeandikwa: BEI ZOTE NUSU.

"Mzee, kuna nini?" nikamuuliza.

"Seli. Hujui seli, fundi? Ndugu yangu yuko Uingereza, ananiandikia. Kule Krismasi ikishapita maduka yanashusha bei kwa siku chache tu. Watu wanalala nje kwenye baridi, wamejifunika mablanketi, ili wawe wa kwanza mlangoni. Kukipambazuka, wazee wazima wanagombania soksi."

"Kwani hawana soksi?"

"Wanazo tele. Na Bombay siku za kuelekea Diwali barabara haipitiki kwa wanunuzi. Hata Nairobi siku hizi seli ipo. Tabora tumekosa nini?"

Nilicheka mpaka nikasahau njaa. Habari ya Wazungu kulala barabarani kwa ajili ya soksi ilinipendeza sana, nikawa namhadithia kila anayepita. Nilijigeuza mpiga mbiu wa seli bila kutumwa na mtu.

Lakini watu hawakuja, na waliokuja walikuja kwa kunyata. Wewe mwenyewe unajua sisi bei tunaishusha kwa mdomo, kidogo kidogo, mpaka kila mtu aridhike. Kitu kikikutwa kimeshuka chenyewe, ama kina kasoro ama kimeachwa na marehemu. Mama mmoja wa Ipuli alichukua doti ya khanga akainusa, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, hapa kafiwa nani?" Nikamwambia hakuna msiba, mama, huu ni ustaarabu wa nchi za nje. Akaniamini, maana ananifahamu. Kesho yake alileta dada zake, na wao wakaleta wengine. Siku ya tano rafu za poplini zilikuwa tupu, na mimi barazani najisifu kwamba ni maneno yangu yaliyouza.

Ndipo akaja yule mzee wa Sikonge. Sijui kama nilishakutajia habari zake. Ni mrina asali, na kila mwaka akishauza asali yake huja na baiskeli kununua blanketi. Kununua kwake ni nusu siku nzima. Anakaa, anatoka, anaitwa, anarudi, anakasirika, anapewa chai, ndipo wanapatana. Nadhani anaipenda shughuli hiyo kuliko blanketi lenyewe. Safari hii aliingia na salamu yake, "Mwangaluka," Mzee Premji naye akamwitikia kwa Kinyamwezi kama kawaida yao. Blanketi lilikuwa limeandikwa shilingi ishirini. Mzee wa watu, kwa mazoea tu, akasema nane.

"Chukua," Mzee Premji akasema.

"Nimesema nane."

"Nimesikia. Chukua."

Yule mzee alilirudisha blanketi juu ya meza polepole, kwa mikono miwili. Akatoka, akainama karibu na sikio langu. "Fundi, huyu bwana anahama au anakufa. Mwenye duka hakubali bei ya kwanza." Akapanda baiskeli yake akaenda zake bila kununua kitu, na mwaka huu wake zake watalala na mablanketi ya zamani.

Nilijidai kumcheka. Nikasema watu wa porini wana hofu zao. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshashtuka, nikaanza kuona mambo niliyokuwa nikiyapita tu. Tangu redio ianze kutangaza Wahindi wa Uganda wanavyoondolewa, Mzee anaizima akiniona nasogea. Majora mapya hayaingii dukani. Binti yake Lila, aliyekuwa anasoma hapa, hayupo, na nikiuliza naambiwa yuko kwa shangazi yake.

Kilichonikata maini ni siku mbili kabla ya Diwali yao. Siku hiyo kwao ni lazima nyumba inunue chombo kipya cha madini, hata kijiko, ili baraka iingie. Miaka yote niliyokaa hapa, Mama Lila hutoka asubuhi kwenda kununua, na akirudi lazima anipitishie nikione na kunichokoza kwamba fundi hata sufuria hana. Mwaka huu, siku hiyohiyo, alitandika mkeka barazani, hatua tatu kutoka cherehani yangu, akapanga vyombo vyake vya shaba vyote, vikubwa kwa vidogo, akakaa nyuma yake. Hakumwita mtu. Mwanamke mmoja akauliza ile birika kubwa ni kiasi gani. Akajibu, "Utakachotoa." Hakulia. Angelia ningepata la kumwambia.

Nikaona aibu, Mama Rukia, aibu kweli. Kumbe duka lilikuwa linafumuliwa mshono mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyeshika wembe, naita watu na kuwasimulia soksi za Uingereza.

Jioni, baada ya kufuturu, nilimwendea Mzee. Nikamwambia nataka kuinunua hii cherehani. Nikataja bei ya mzaha, bei ya kununulia mkasi, nikitegemea anitukane kidogo tucheke, kisha tupandishe bei pamoja. Hakuinua hata uso.

"Chukua, fundi. Mafuta yake yako kwenye droo."

Nikakalia gunia. Nikamuuliza, "Mzee, mnaondoka lini?"

"Nani kasema tunaondoka? Ni seli tu." Na nyuma yake mbao za rafu zilikuwa na alama nyeupe mahali majora yalipolala tangu enzi za baba yake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Leo asubuhi balozi wetu wa nyumba kumi alikuja barazani na daftari. Si mtu mbaya, tunasali naye msikiti mmoja. Akasema, "Ndugu fundi, naona duka linafungwa. Utashonea wapi?"

Nikamwambia cherehani sasa ni yangu.

"Cherehani bila mahali si kazi. Nimeagizwa niandike wote wasio na kazi mjini. Idd ikiisha lori linakuja, mnakwenda kwenye kijiji kipya, huko mbele ya Sikonge. Mtapewa mashamba. Na fundi watamhitaji."

Alisema kwa wema. Lakini mimi nilimfikiria mpiga pasi wa duka la ng'ambo ya barabara, ambaye alipanda lori la kwanza, kabla ya Ramadhani, na mke na watoto wawili. Ametuma habari kwamba maji ni mwendo wa nusu siku, mbung'o wanauma mchana kutwa, na nyumba ni za kujijengea wenyewe. Mtoto wao mdogo, rika moja na Rukia, hakumaliza mwezi.

Balozi akalowesha kalamu yake kwa ulimi. "Mke unaye?"

Nikasema sina.

"Mtoto?"

Nikasema sina. Akanitazama. "Mtu mzima kama wewe?" Nikamwambia sikujaliwa. Akaandika.

Mke wangu, nimekukana wewe na mtoto mchana wa Ramadhani, kinywa kikiwa kimefunga. Sijui kama funga yangu ya leo inahesabiwa, na sithubutu kumuuliza imamu, maana balozi husali safu ya mbele. Naogopa. Naogopa lori, lakini zaidi naogopa ushuke stesheni ya Tabora na bahasha yangu mkononi, uanze kuuliza watu fundi mume wako anakaa wapi. Wataandika majina yenu chini ya langu, na mimi wataniandika mwongo.

Kwa hiyo usije. Kama umeshafunga mizigo, ifungue. Kama umekata tiketi, irudishe, na wasipoipokea, iache ipotee. Barua hii sikuipeleka posta, nimemkabidhi mtu wa kwetu Ujiji anayepanda treni leo. Ukishaisoma ichome jikoni. Sanduku la posta la Mzee halitakuwepo tena, na huko niendako barua zitapitia ofisini, zitasomwa. Ukiniandikia, anza na "Kaka yangu." Jiite dada. Rukia usimtaje kwa jina, sema tu wa nyumbani hawajambo, nami nitatosheka na hilo.

Msalimie mama, mwambie naendelea vizuri, hilo tu. Msalimie shemeji seremala na shangazi anayekusaidia kulea. Mwalimu wa chuo cha Kurani mwambie aniombee dua, sababu usimpe. Nguo ya Idd ya mtoto imo kwenye furushi la huyo mtu. Nimeishona kubwa kidogo, mikono ina mapindo ya kuteremsha miaka miwili au mitatu, kwa sababu sijui.

Mimi, ambaye kwenye daftari hana mtu,
Baba Rukia