Kifaa cha Pumzi Hakiazimwi

Mama,

Uji upo kwenye chupa, dawa yako ya kuvuta iko kando yake.

Asubuhi nesi alinipigia akicheka: "Mama yako jana amepanda kilima chote cha Kimisagara bila kuhema! Daktari atampunguzia dawa." Nikashangilia, kisha nikakikuta kifaa chako cha kupima pumzi, kile kinachotuma vipimo hospitali, kimevaliwa mkononi na Mama Nasiri. Eti umemwazima tangu juzi naye ajipime!

Najua huwezi kumnyima jirani. Lakini kule hospitali hawakuoni wewe, wanaona kifaa tu, na wewe hata kufika mlangoni unahema. ~~Nimekasirika.~~ Niliogopa, Mama.

Nesi nimemweleza, dawa hazipunguzwi. Kifaa hiki hapa, kivae sasa hivi. Mama Nasiri nitampeleka kliniki mimi mwenyewe. Wewe mwazime sufuria.

Kitindamimba wako,
Swafiya