Kochi la Dale Hargrove

Los Angeles,
Alhamisi, Machi 1974

Kaka yangu Zenon,

Nakusalimu wewe, shemeji Halina na watoto, nikitumaini mgongo wako umepunguza ukaidi na theluji ya Hamtramck imeanza kuwaonea huruma. Mimi mzima. Nakula, nalala, na jua la huku linaniwakia bila kuniuliza kama nalitaka. Mama simsalimu kupitia kwako, kwa sababu uliniambia kwenye simu kwamba hataki kusikia jina langu mpaka nieleze kwa nini sikuonekana. Basi naeleza. Soma peke yako kwanza, halafu uamue kipi kimfikie.

Maneno yako ya kwenye simu ninayo yote. Ulisema Mama alivaa gauni la Pasaka ili akae mbele ya runinga. Halina alipika pierogi za mtaa mzima, Padre Feliks akaja na chupa yake, na mzee Gruszka wa buchani akaleta soseji pamoja na kiti chake mwenyewe, maana vya kwetu havimwenei. Mkamtazama Dale Hargrove kwenye kipindi chake cha usiku akicheka na yule mwigizaji wa kike mwenye kijibwa. Bendi ikapiga wimbo, ikapiga na mwingine, kisha mkaagwa usiku mwema, na mdogo wako hajaonekana hata kisigino. Mzee Gruszka akasema labda Rajmund ndiye aliyekuwa ndani ya yule mbwa. Watu wakacheka, wakavaa makoti, wakaenda zao na soseji iliyobaki. Nawe ukaniita mwongo.

Mwongo sikuwa, Kaka. Nilikuwa pale.

Kipindi hicho mnachokikeshea hurekodiwa jioni, magari yakiwa bado yanachoma kwa jua ukiyagusa. Mchekeshaji mgeni huwekwa mwisho. Akizungumza sana mwigizaji, mchekeshaji anapewa pole na sandwichi, anarudishwa kwao. Mimi walinipitisha. Nilisimama kwenye msalaba wa utepe uliobandikwa sakafuni, chini ya jina langu la huku, Ray Vance, ambalo najua linakukera. Nikafanya vichekesho vyangu vya mama mwenye nyumba na vya daktari wa meno. Watu walicheka, Zenon. Walicheka mpaka mpiga ngoma akasahau kupiga.

Ukimaliza, hutazami watu. Unamtazama Hargrove. Akipiga makofi tu, unarudi nyuma ya pazia, na kesho yake unaitwa kwenye harusi za watu usiowajua. Akikuita kwa kidole uende kukaa kwenye kochi lake, basi. Kesho yake wenye kumbi wanagombania mkono wako, na wakala aliyekuwa hapokei simu zako anauliza kama umekula. Nimeona watu wazima wakilia nyuma ya lile pazia kwa sababu ya kidole. Mtu mmoja, kidole kimoja, na nchi nzima inajua imcheke nani.

Mimi aliniita.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa hiyo jitengenezee kahawa.

Nadhani unaamini wanaokaa kwenye kochi lile wanaongea tu kama watu kibarazani. Hata mimi niliamini. Kumbe siku mbili kabla, bwana mmoja aitwaye Pritchett, mwenye tai kama ulimi wa ng'ombe, alinikalisha ofisini akaniuliza maswali yote nitakayoulizwa. Majibu yangu mazuri akayaandika kwenye kadi za bluu, ili Hargrove ajue amuulize nini mgeni wake na acheke wapi. Pritchett alitaka kujua natoka wapi hasa. Nikamwambia. Uso wake uliwaka kama mtu aliyeokota pochi. Akasema, "Kumbe wewe Mpolandi! Hayo ndiyo mambo! Dale atakuuliza habari za baba yako. Wewe jibu tu, 'Binamu Stas ni wa kwetu kabisa, tena kando ya baba yangu angeonekana profesa.' Watu watazimia." Nikasema sawa. Kama hutaki kuelewa kwa nini nilisema sawa, kumbuka miaka niliyochekesha walevi katika kumbi ambako hata mende walikuwa wakitoka kabla sijamaliza.

Sasa tuongee juu ya Stas, wewe na mimi, kwa mara ya kwanza. Kila Jumatatu Hargrove anajigeuza Stas, yule Mpolandi mjinga: anavaa kofia ya kiwandani nyuma mbele, anashika kopo la chakula, anaharibu kitu halafu anasema, "Mimi iko jua, bosi!" Na kila Jumanne asubuhi, nani anaitwa Stas pale kwenye matanuri? Uliniambia mwenyewe, ukicheka, kwamba mkuu wa zamu akikuona tu anapaza sauti, "Stas, hii mashine unaijua?" na zamu nzima inamjibu kwa niaba yako, "Mimi iko jua, bosi!" Ulicheka, Zenon, lakini nilikusikia unavyovuta pumzi katikati. Unafundisha vijana wote pale namna ya kumimina chuma, na bado kila cheo kikitokea anapewa mmoja wa hao uliowafundisha. Hargrove hajawahi kufika kiwandani kwenu. Hana haja. Analala kwake Malibu na sauti yake inaingia zamu ya asubuhi kabla yako.

Na Mama bado ana picha ya Hargrove ukutani, chini kidogo ya Bikira Maria wa Częstochowa. Chini kidogo tu.

Siulizi kwa nini. Najua. Ile picha aliiweka Baba.

Wewe ulikuwa umeshaoa, hukuwa unalala pale, ndiyo maana hujui vizuri. Kila usiku Baba alirudi kutoka zamu ya pili, akavua viatu, akakaa mbele ya Hargrove kama mtoto wa shule. Kila sentensi aliirudia kwa sauti ya chini, na mdomo wake ulifuata ule mdomo. Kiingereza chote alichokuwa nacho marehemu kilitoka pale. Daktari alipomwambia mapafu yameharibika, alimjibu kwa maneno ya Hargrove ya kabla ya matangazo, "Tutarudi baada ya muda mfupi," akafikiri ndiyo namna ya kiungwana ya kuagana. Na kila Stas alipotokea, Baba alicheka kuliko wote, akakohoa, akapiga goti, akasema mjinga huyu anamkumbusha mtu fulani wa kijijini kwao.

Hili ninaloandika sasa sikuwa nimemwambia mtu, mpaka siku ile ya kurekodi.

Wiki yake ya mwisho hospitalini, wewe ukiwa kazini na Mama kanisani, Baba alinishika mkono akaniambia nisogee. Nilifikiri anataka maji. Akaniuliza kwa Kipolandi, kwa sauti ya mtu anayeona haya, "Rajek, yule Stas. Ni mimi?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia, "Baba, yule ni mtu wa kubuniwa tu." Akaitikia kwa kichwa akasema, "Aa, vizuri." Akageukia ukutani. Hakuomba tena tumfungulie runinga.

Basi nimekaa kwenye kochi, taa zinanipika, mwigizaji ananukia kama duka zima la maua, mbwa wake ananilamba kiatu. Hargrove anatupia jicho kadi ya bluu na kuniuliza kwa ile sauti ambayo Baba aliishi ndani yake, "Ray, nasikia mzee wako alikuwa Mpolandi wa viwandani. Eti alikuwa mtu wa namna gani?" Jibu lilikuwa mdomoni. Nilishalifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Nikamwambia, "Alikupenda sana. Aliongea kwa maneno yako, kwa sababu hakuwa na mengine. Kabla hajafa aliniuliza kama Stas ni yeye, nami nikamdanganya. Swali lilikuwa lako, bwana Hargrove. Nimekuletea. Ni yeye?"

Mtu mmoja kule nyuma alicheka, akidhani utamu unakuja. Hargrove aligonga penseli yake mezani, akatabasamu kwa kamera, akasema, "Tutarudi baada ya muda mfupi."

Walipozima taa nyekundu ya kamera aliniinamia. Nilitarajia matusi, na ningeyashukuru. Aliniwekea mkono begani akasema taratibu, "Umefanya kazi nzuri pale mwanzoni, kijana. Nzuri kweli. Hutarudi hapa." Walinzi wawili walishasimama penye pazia, wapole kama wabeba jeneza. Vichekesho vyangu na niliyoyasema kochini, vyote vilikatwa, na bendi ikaombwa kupiga wimbo wa pili. Huo wimbo wa pili, Kaka, ndio mimi.

Wakala wangu hapokei tena simu. Kumbi zote ninazozijua zimekumbuka ghafla kwamba zimejaa mpaka Krismasi. Hakuna aliyetoa amri. Hapa amri hazitolewi. Watu wanatazama kidole kimeelekea wapi.

Ungedhani nimemaliza. Bado. Jumatatu hii nilikaa chumbani nikamtazama. Nilitaka kuona kama atathubutu. Alithubutu. Stas alitumwa benki, akakuta kalamu imefungwa mnyororo mezani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaiinamia ile kalamu akainong'oneza, "Ndugu, wewe iko iba nini?"

Nilicheka, Zenon. Nilicheka kabla sijajizuia, nikakohoa, nikapiga goti. Kilikuwa kicheko cha Baba, kikohozi chake na goti lake. Ndipo nilipovua kiatu nikamtupia. Kilimkosa. Akaendelea kutabasamu.

Kwa hiyo usiniambie tena kwenye simu kwamba ni utani tu. Najua ni utani. Ni utani mzuri, ndiyo maana umetufikia wote mpaka ndani ya mbavu. Mkuu wa zamu akikuita Stas kesho, fanya utakavyo, wewe ndiye mwenye watoto wa kulisha. Ila usicheke kwa ajili yake. Hilo tu nakuomba.

Mama mwambie mwigizaji aliongea sana. Ataamini, maana hampendi yule mbwa. Picha asiitoe kwa ajili yangu. Na kama atauliza, maana najua atauliza, kama Hargrove ni mpole kama anavyoonekana, mwambie ndiyo, mwanao aliguswa naye: ana mkono laini, na alimshika bega kwa upole sana.

Msalimie Halina, na mzee Gruszka mwambie mbwa alikuwa mbwa. Narudi nyumbani kwa basi wiki ijayo. Nisafishieni kile chumba cha Baba.

Mdogo wako,
Rajmund Wojtyczka