Oili Inayoongezeka

Jumanne, 2 Septemba

Leo nimenusa oili ya magari matatu. Mara tatu nimetikisa kichwa kama mtu aliyesikia kitu. Uongo mtupu. Tangu mafua ya Juni pua yangu haisikii harufu yoyote, na Tukuyu wananijua kama fundi anayetambua ugonjwa wa injini kwa kunusa. Siri hii anaijua Tusajigwe tu, mke wangu.

Gari la tatu lilikuwa lori kuukuu la Mama Subilaga wa Kawetele, analobebea ndizi kwenda Mbeya. Anasema injini imeanza kugonga ikipanda mlima. Nikachomoa kijiti cha oili, nikanusa, nikamwambia oili ni safi. Akaniamini. Akaondoka.

Alhamisi, 4 Septemba

Mama Subilaga karudi. Fundi mmoja wa Msasani, hapa hapa Tukuyu, amemwambia ringi za pistoni zimekwisha, injini ishushwe yote. Hawezi kulipia. Anafikiria kuliuza lori liwe chuma chakavu. Ni mjane, na nusu ya akina mama wa kijijini kwake hupakia ndizi zao humo.

Nikachomoa kijiti. Oili imepita alama ya juu. Juzi ilikuwa kwenye alama, na anaapa hakuna aliyeongeza. Injini ya umri ule hula oili, haizai. Kuna kitu kinaingia. Yangekuwa maji, oili ingekuwa kama chai ya maziwa. Hii ni nyeusi, nyepesi mno, haishiki hata kidole.

Nimemwomba aliache lori. Nimemwachia aendeshe siku mbili na oili isiyolinda chochote, kwa sababu ya kiburi. Najichukia.

Ijumaa, 5 Septemba

Leo sijanusa kitu. Nimechana boksi la biskuti, nikadondosha matone mawili ya oili: moja la lori, moja la gari jingine lililo zima. Nikasubiri saa nzima.

La gari zima limebaki doa moja. La lori limejizungushia pete pana, yenye unyevu, ya njano. Dizeli. Nimecheka peke yangu gereji kama kichaa.

Lakini inapitia wapi? Nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, nimezifungua zote nne. Nzima. Mikono inauma kwa baridi.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeipata.

Kuna pampu ndogo ubavuni mwa injini, ya kuvuta dizeli kutoka kwenye tangi. Ndani ina mpira. Mpira ukichanika, dizeli hutoka nje kwa kitundu kilicho chini yake na dereva anaiona. Kitundu cha hii kilizibwa na tope gumu kama saruji. Kwa hiyo dizeli ilikuwa inarudi ndani, kwenye oili, kimyakimya.

Nikaifungua pampu, nikaiunganisha na chupa ya dizeli niliyoining'iniza juu, Mama Subilaga akitazama. Tone. Tone. Tone. Upande wa oili.

“Ndiyo hiyo tu?” akauliza.

“Ndiyo hiyo tu, mama. Ringi zako hazina kosa.”

Nikabadilisha mpira, nikamwaga oili yote, nikaweka mpya na chujio jipya. Injini ikawaka. Kugonga kumekoma. Tumewahi kabla haijaharibika ndani. Sijawahi kufurahia mlio namna ile.

Ndipo nikamwambia. Kwamba pua imekufa, kwamba Jumanne nilimdanganya.

“Fundi, mimi nilileta lori kwako, si kwa pua yako,” akasema. “Ila usinidanganye tena.” Kisha akanishukuru kwa Kinyakyusa, “Ndaga fijo.”

Nikamkabidhi ufunguo. Leo nimekishinda hata kiburi changu mwenyewe.

Jumatatu, 8 Septemba

Asubuhi ukungu hadi mlangoni. Tumekaa jikoni, Tusajigwe anamenya viazi. Tumesikia lori la Mama Subilaga likipanda mlima na mzigo, bila kugonga. Dereva kabadilisha gia mara moja tu, likaendelea. Nimechukua kisu cha pili, nikamsaidia kumenya.