Alisema Atanifungia

Shangazi wa safu hii, shikamoo. Naomba unisome mpaka mwisho hata nikirukaruka, maana nimechanganyikiwa kiasi kwamba jana nilitia chumvi kwenye chai nikainywa kikombe kizima bila kujua, na mimi ni mtu wa chai, chai nzito ya maziwa iliyoachwa ikapoa mpaka ikaweka utando juu, hiyo ndiyo starehe yangu kubwa hapa duniani, na sasa hata hiyo siisikii ladha.

Kazi yangu ni kutunga riwaya za mapenzi, lakini si yale ya maua na machozi tu, ni yale ambayo msichana anampenda mtu halafu polepole anaanza kujiuliza kama mtu huyo ndiye aliyemuua mke wake wa kwanza, na wasomaji wangu wakikutana nami wanashangaa, wanatarajia mwanamke wa gauni jekundu na manukato yanayotangulia mlangoni, kumbe mimi ni mtu wa ndala na gauni lililopauka, napenda karanga za kukaanga na harufu ya nguo zilizofuliwa kwa sabuni ya mche, siwezi kuangalia filamu ya kutisha hata mchana kweupe, na nikijikata kidole nakiangalia mara moja tu kisha natafuta pa kukaa. Riwaya zangu zote zina kanuni moja, Shangazi, na nadhani ndiyo iliyonifikisha hapa: mwanamume mkali mwenye ndita usoni ndiye anayemwokoa msichana, na yule mpole, anayebisha hodi kwa adabu na kukumbuka kwamba hupendi vitunguu, huyo ndiye mwovu. Wasomaji wanaijua kanuni hiyo na bado wananasa kila mara.

Sasa mimi mwenyewe, umri ukiwa umeshaenda, nimeposwa na mpole.

Huyu mtu ni fundi wa milango na madirisha, wateja wake wanamwita Fundi Kitasa. Alikuja kubadilisha bawaba za mlango wa jikoni kwangu, kazi ya asubuhi moja, ikamchukua wiki nzima na sikulalamika, na mama mdogo ninayeishi naye, ambaye ndiye mzazi niliyebaki naye, alianza kumpenda kabla yangu. Huyu mtu ana kovu kwenye kidole gumba, anakunywa chai ya rangi bila sukari lakini anaikoroga hivyo hivyo, ukimuuliza anakoroga nini anasema mkono umeshazoea. Vitabu vyangu anavisoma kazini wakati wa chakula cha mchana, anafuatisha mstari kwa kidole, na kila akimaliza kimoja ananiambia, "Maskini yule mpole, umemkamata tena yeye," na mimi nacheka, sikujua kwamba nitafika mahali nisicheke.

Niseme na namna ninavyofanya kazi kwa sababu inahusika. Siwezi kuandika mazungumzo bila kuyatamka, msichana akilia nami nalia, akipiga kelele aachwe nami napiga, mpaka siku moja jirani wa ghorofa ya chini alipanda mbio na ufagio mkononi kuja kuniokoa, na tangu siku hiyo naandika kwa kunong'ona, na kitabu kimedumaa, watu wote ndani yake wananong'ona hata wakiwa sokoni.

Basi juzijuzi huyu mtu alikuwa juu ya ngazi kwenye korido, anarekebisha reli ya pazia, mimi niko jikoni namenya karanga, simu yake ikalia, akashusha sauti, na mimi sauti ikishushwa ndipo masikio yangu yanaposimama. Nikamsikia akisema maneno haya, sijaongeza hata moja: "Hajui chochote, na wewe usimwambie. Mpaka Jumamosi nitakuwa nishamfungia kule chumba cha nyuma. Mlango wenyewe sauti haipiti. Akishaingia mle, kumtoa itakuwa kazi." Kisha akacheka, na hakikuwa kicheko kibaya, lakini hata katika vitabu vyangu huwa si kibaya. Karanga zilinianguka. Alipomaliza alikuja jikoni, akaniokotea karanga zangu, akaniambia Jumamosi niende nyumbani kwake kuna kitu anataka nikione, na nisimwambie mama mdogo, ambaye kweli hana siri, lakini Shangazi, si ndivyo wanavyosema wote?

Alipoondoka niliingia chumbani, na unadhani nililia? Niliandika. Sura nzima kwa mkao mmoja, na sikunong'ona. Niliweka maneno yake kama alivyoyasema, nikaweka kovu la kidole gumba na kukoroga chai isiyo na sukari, nikamfanya mwovu wangu awe fundi wa milango, na ilikuwa sura nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, nikampelekea mhariri siku hiyo hiyo. Mhariri alinipigia simu akasema huyu mwovu wako anapumua, niletee sura ya mwisho kitabu kiende mitamboni mwisho wa mwezi. Na mwisho wa mwezi huo huo wazee wa huyu mtu wanakuja kupanga siku ya ndoa. Sura ya mwisho siwezi kuiandika kwa sababu sijui nyuma ya ule mlango kuna nini.

Jumamosi ilipofika nilimwambia nina homa. Mama mdogo alikuwa ametoka. Jioni nikasikia hodi, nikasimama nyuma ya mlango na mwiko mkononi nimebana pumzi, akabisha tena, kisha kimya, kisha nikasikia bisibisi inafanya kazi kwenye kitasa, nikajua leo ndiyo leo, roho yangu iko mkononi pamoja na mwiko. Halafu ikanyamaza. Akasema taratibu, kama vile anaongea na mlango, "Kama umelala, lala. Machungwa nimeyatundika hapa." Akaondoka. Nilipofungua nilikuta mfuko wa machungwa unaning'inia, na kitasa kilichokuwa kinalegea tangu mwaka jana kimekaza. Nilikaa chini pale pale mlangoni nikalia, Fundi wangu jamani, halafu nikiwa bado nalia nikajiuliza, au alikuwa anakipima kitasa ajue kinavyofunguka?

Tangu hapo akipiga simu sipokei. Ameniandikia kwamba kama nimebadili mawazo nimwambie tu, hatakasirika, na hilo limenitisha zaidi, maana ni mtu gani hakasiriki? Mama mdogo naye amenijia juu, ameniambia, "Mtu si nguo uianike kambani uisahau. Mpe jibu lake." Sijamweleza kitu kwa sababu nikimweleza, kesho mtaa mzima utajua.

Shangazi, nifanye nini? Kitabu kiishe vipi? Msichana akimbie au abaki? Akibaki wasomaji watanicheka, akikimbia, je, kama amemkimbia mtu mwema? Mhariri nimwambie nini? Nikiiondoa sura ile nitapata wapi nyingine kama ile? Na kama ni mtu mwema kweli, siku atakapokisoma na kidole chake nitamtazama kwa macho gani? Ufunguo wangu wa akiba anao tangu wakati wa bawaba, na nimeshindwa kuuomba kwa sababu sijui nitoe sababu gani. Asubuhi naamka nikijua ni malaika, mchana najua ni muuaji, jioni sijui lolote. Huyu mtu ni nani?

Ni mimi, Mtunzi Niliyekwama.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilicheka mpaka nikavua miwani, kisha nikaona vibaya, maana wewe huko uko kwenye mateso ya kweli. Pole sana.

Nianze na hili ili usije ukadhani nakudharau: woga wa mwanamke siufanyii mzaha. Nimepokea barua za wanawake waliosikia neno baya kwa masikio yao wakajiambia wamesikia vibaya, na baadaye wakajuta. Kwa hiyo sikwambii kwamba masikio yako yana kasoro. Yamesikia vizuri sana, ila yamesikia nusu.

Kufungia. Wewe unakula kwa maneno, na neno hilo likakupiga chenga? Nilipohamia nyumba ninayokaa, fundi mmoja alinifungia taa, mwingine akanifungia feni, wa tatu akanifungia kabati la jikoni, na wote niliwapa chai wakaenda zao, hakuna aliyeitiwa polisi. Mtu anayeishi kwa kufunga milango akisema atamfungia mtu, unauliza kwanza atamfungia nini. Wewe ukarukia kuuliza atamfungia wapi. Sasa weka pamoja: mlango usiopitisha sauti, kwa mchumba ambaye jirani alimpandia na ufagio kwa makelele yake. Chumba ambacho mtunzi akishaingia, kumtoa itakuwa kazi. Na hajui, asiambiwe. Mwanangu, ningeyakuta haya kwenye riwaya yako ningekifunika kitabu, ningesema huyu mtunzi leo amekuwa mvivu, ametuonyesha kila kitu.

Lakini mimi si mpiga ramli. Mtu wako simjui na chumba sijakiona, kwa hiyo nafanya kazi na ulichoniandikia tu. Na umeniandikia, bila kukusudia, kwamba ufunguo wa nyumba yako anao. Jumamosi ile alikuwa nao. Alijua una homa, alibisha, hukufungua, na ufunguo uko mfukoni. Akakaza kitasa kwa nje, akatundika machungwa, akaondoka. Rudia kuisoma sentensi hiyo polepole kabla hujaendelea.

Na kalamu yako nayo imekuponyoka. Barua nzima umemwita "huyu mtu", "huyu mtu", kama shahidi mahakamani. Ulipofika kwenye machungwa ukaandika "Fundi wangu". Mimi nimeamini hapo.

Sasa nikugombeze, maana umenikera. Ulipoisikia ile simu, kutoka jikoni hadi kwenye korido ni hapo kwa hapo. Ungetoka na karanga zako mkononi ukauliza, "Unamfungia nani?" na leo nisingekuwa na kazi. Hukutoka. Ulikwenda chumbani kuandika kwa sababu sura ilikuwa tamu. Akiwa mpole tu alikuwa mchumba, akiwa mwovu alikuwa anaandikika, na wewe ukachagua lipi? Hesabu maswali uliyoniuliza uone ni mangapi ya kitabu na ni mangapi ya binadamu. Umemweka mtu kwenye mashaka siku zote hizi ili upate mwisho mzuri, na sasa umeshindwa kujua kama anayeogopa ndani yako ni mchumba au mtunzi. Kuchanganyikiwa huko umejitengenezea mwenyewe, na dawa yake haiko mezani kwako.

Utafanya hivi. Leo hii mpigie mhariri wako umwambie sura ile inarudi kwako. Ondoa kovu, ondoa chai, ondoa milango yote. Mwovu wako mpe kazi nyingine, hata awe mshauri wa gazetini, mimi nitavumilia. Mhariri akilalamika, mwache alalamike, yeye haolewi. Ukiiona sura imepoa bila yale maneno, basi ipoe, unayo mikono ya kuandika nyingine. Maneno ya mtu aliyoyasema kwenye korido yako akidhani yuko nyumbani si yako ya kuchapisha.

Kisha mwite mama mdogo umweleze kila kitu. Najua hana siri, lakini wewe umekuwa na siri peke yako na tazama ilikokufikisha. Mpigie Fundi, mwambie mnakuja wawili, na mwende mchana. Kama kweli alitaka kukushangaza, atahuzunika kidogo, lakini mtu mwema hakatai mama aje. Akikataa mama asije, msiende, na ufunguo wako uombe siku hiyo hiyo bila kutoa sababu.

Mkifika, mwambie mambo matatu: kwamba ulimsikia, kwamba ulimwogopa, na kwamba uliandika. La tatu usilimeze. Huyo anakusoma kwa kidole, mwanangu, siku moja angelifikia. Atanuna, na ana haki, hakuna mwanamume anayefurahi kusikia mchumba wake alimngoja nyuma ya mlango na mwiko. Usimtanie, usilie ili akubembeleze, usimwahi kwa maelezo. Muombe msamaha, kisha muulize alimaanisha nini, na akianza kujibu usimwandikie majibu kichwani. Mwache amalize sentensi yake.

Baada ya hapo muombe akufungulie kile chumba. Usitazame meza wala dirisha, hata viwe vizuri namna gani. Tazama mlango, utafute komeo liko upande gani. Likiwa nje, mshike mama mdogo mkono mtoke, na wazee wake wasisumbuke na safari. Likiwa ndani, muombe msamaha mara ya pili, halafu mwambie wazee waje.